Aikido: Mchezo wa kujihami unaoweza kuufanya hadi uzeeni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetupa uhai na viungo vya mwili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Mwili ni amana. Imepokewa na Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alimkumbusha swahaba Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Na imepokewa na Muslim kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Hadithi hizi tunazisikia misikitini mara kwa mara. Lakini tujiulize: ni wangapi kati yetu ambao, tukishavuka miaka 35 au 40, bado tuna zoezi tunalolifanya kwa ratiba?

Ujanani tulicheza mpira, wengine tukajifunza karate au kung fu. Kisha goti likateguka, ndoa ikaja, kazi zikazidi, na mazoezi yakaishia hapo. Miaka michache baadaye kupanda ngazi ni kazi, na kuinuka kutoka kwenye sijda mpaka ushike goti. Tatizo moja ni kwamba michezo mingi tunayoichagua ni ya vijana tu. Inahitaji mbio, kugongana na kushindana, na mwili ukianza kuchoka haina nafasi tena kwako.

Leo katika safu hii tutazungumzia mchezo wa kujihami wa Kijapani uitwao aikido, ambao mtu anaweza kuuanza akiwa na miaka 15 au 50, na akaendelea nao hadi uzeeni bila kuvunjwavunjwa. Tutaeleza aikido ni nini, kwa nini majeraha yake ni machache, namna ya kuifanya idumu, usafi wake, na mambo ambayo Muislamu lazima ayaangalie kabla ya kujiunga.

AIKIDO NI NINI?

Aikido iliasisiwa na Mjapani aitwaye Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe. Mwaka 1915, akiwa Hokkaido kaskazini mwa Japani, alikutana na Sokaku Takeda, mwalimu wa mapigano ya zamani ya kukamata na kukunja viungo, akawa mwanafunzi wake. Kutokana na mafunzo hayo na mengine, Ueshiba alitengeneza njia yake mwenyewe. Mwaka 1931 alifungua ukumbi wake jijini Tokyo, na kuanzia mwaka 1942 jina la aikido likawa ndilo rasmi. Alifariki Aprili 1969 akiwa na miaka 85, na katika miaka yake ya mwisho bado alikuwa akipanda ulingoni kufundisha. Jigoro Kano, aliyeasisi judo mwaka 1882, alipoiona kazi ya Ueshiba mwaka 1930 aliipenda kiasi cha kumpelekea baadhi ya wanafunzi wake wakajifunze.

Neno lenyewe lina sehemu tatu: ai maana yake kupatana, ki ni nguvu ya uhai, na do ni njia. Msingi wake ni kutopambana na nguvu ya mshambuliaji. Akikusukuma, hausukumi nawe. Unageuka, unatoka kwenye njia ya nguvu yake, unaiacha ipite, kisha unamwongoza hadi apoteze mizani. Hapo unamwangusha au unamdhibiti kwa kumkunja kifundo cha mkono, kiwiko au bega.

Wengi wetu tumewahi kuiona aikido bila kujua jina lake. Mwigizaji Steven Seagal, ambaye kanda zake za video zilizagaa mitaani kwetu, aliishi Japani na kufundisha aikido mjini Osaka kabla ya filamu yake ya kwanza kutoka mwaka 1988. Lakini usidanganyike na mikono inayovunjwa kwenye filamu hizo. Hiyo ni sinema. Ndani ya ukumbi wa mazoezi, mwenye kumvunja mwenzake anahesabika kuwa ameshindwa somo.

KWA NINI MAJERAHA NI MACHACHE?

Kwanza, katika matawi mengi ya aikido hakuna mashindano. Lipo tawi moja, lililoanzishwa na Kenji Tomiki, lenye mashindano, lakini matawi mengine hayana. Majeraha mengi michezoni hutokea pale mtu anapotaka kushinda kwa gharama yoyote, naye mwenzake hataki kushindwa. Pasipokuwa na medali wala washangiliaji, hakuna sababu ya kung'ang'ania mkono uliokwisha kunjwa.

Pili, kichwa hakipigwi. Katika ndondi na michezo mingine ya ngumi, ubongo hutikiswa mara kwa mara, na madhara yake huweza kuonekana miaka mingi baadaye: kusahau, kutetemeka, kubadilika tabia. Katika aikido kipigo cha kichwani hutumika kama shambulio la kufanyia mazoezi tu, kwa mkono mtupu na kwa mpango, nacho hupishwa au kupokewa kwa mkono. Hapa Muislamu ana jambo la kuzingatia, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso.

Tatu, wawili wanaofanya mazoezi hupokezana zamu. Mmoja anashambulia na kuangushwa, mwingine anaangusha, kisha wanabadilishana. Anayekunjwa akihisi maumivu yamefikia kikomo, anapiga mkeka au mwili wake kwa kiganja, na mwenzake anaachia papo hapo. Kwa njia hiyo mzee wa miaka 60 anaweza kufanya mazoezi na kijana wa miaka 20, kwa sababu kasi na nguvu hupimwa kwa yule aliye dhaifu.

Nne, mwanafunzi hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha.

Hata hivyo, ndugu msomaji, majeraha machache si sawa na kutokuwa na majeraha. Vifundo vya mikono, viwiko, mabega, magoti na vidole vya miguu huumia pale mtu anapofanya haraka au mwalimu asipokuwa makini. Huko Japani zimewahi kutokea ajali za wanafunzi wapya kwenye vilabu vya vyuo kuumia kichwa, na wengine kufariki, baada ya kuangushwa kwa nguvu kinyumenyume, kisogo kikagonga mkeka. Kwa hiyo usalama unaousikia hauji wenyewe. Unaletwa na nidhamu ya mwalimu, subira ya mwanafunzi na huruma ya mwenzake.

SOMO LA KUANGUKA

Hata kama hutajifunza mbinu nyingine yoyote, somo la kuanguka peke yake lina faida kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wengine hawafi lakini huvunjika nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hatembei tena kama zamani. Fikiria sakafu ya chooni iliyolowa, au ngazi za nyumba usiku umeme ukiwa umekatika. Watafiti wa Nijmegen nchini Uholanzi walipima nguvu inayoipiga nyonga mtu anapoanguka kwa ubavu, wakaona kuwa kuanguka kwa kubiringika, kama wafanyavyo wachezaji wa michezo ya kujihami, hupunguza pigo hilo kwa kiwango kikubwa kuliko kujizuia kwa mkono.

Kanuni za kuanguka kinyumenyume ni hizi:

1. Kidevu kifuani. Angalia kitovu chako. Kisogo kisiguse chini kabisa.

2. Usinyooshe mkono nyuma kujizuia. Mkono ulionyooka hubeba uzito wote wa mwili, na ndipo kifundo au kiwiko kinapovunjika.

3. Kunja mgongo uwe mviringo kama ubavu wa mtungi, ili pigo lisambae mgongoni lisikusanyike mahali pamoja.

4. Toa pumzi unapoanguka. Mwili uliobana pumzi huwa mgumu, na kitu kigumu ndicho kinachovunjika.

Ili kujaribu, tafuta mkeka mnene wa mazoezi au nyasi laini zisizo na mawe. Keti, kunja magoti, nyayo ziwe chini, mikono ipishane kifuani. Weka kidevu kifuani, bembea nyuma taratibu hadi kwenye mabega, usifike shingoni, kisha rudi. Fanya mara kumi. Ukizoea kwa wiki kadhaa, anza ukiwa umechuchumaa. Kuanguka ukiwa umesimama, na kubiringika mbele kupitia bega, usijifunze peke yako. Hayo yanahitaji mwalimu.

Mwenye maradhi ya shingo au mgongo, mwenye mifupa iliyodhoofika, mwenye kizunguzungu na mama mjamzito wasijaribu zoezi hili bila ushauri wa daktari.

NAMNA YA KUIFANYA IDUMU

WHO inashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa pia kufanya mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Vipindi viwili vya aikido vya saa moja moja vitakupa dakika 120. Ongeza kutembea kwa mwendo wa haraka dakika 20 kwa siku tatu, utakuwa umefika 180. Usidhani aikido peke yake inatosha kwa kila kitu. Faida yake kubwa ni mizani, ulaini wa viungo na utulivu, lakini moyo na mapafu navyo vinataka matembezi.

Anayetaka kudumu nayo azingatie yafuatayo:

Ujanani, usishindane. Kijana hupenda kurushwa juu na kuanguka kwa kishindo ili apigiwe makofi. Kila kishindo kina gharama yake kwenye mabega na kiuno, na malipo huja baada ya miaka 40.

Watoto wasikunjwe viungo kwa maumivu. Mifupa yao bado inakua. Wao wafundishwe kuanguka, kugeuka, kutii na kuwaheshimu wenzao.

Linda magoti. Yapo mazoezi ya aikido yanayofanywa kwa kutembea kwa magoti. Sisi tunaoketi kwenye tahiyyatu kila siku tuna nafuu kidogo, maana kikao cha Kijapani cha kukunja miguu na kukalia visigino kinakaribiana na kikao chetu. Lakini kuketi ni jambo moja na kutembea kwa magoti ni jambo jingine. Mwenye goti bovu aombe kufanya mbinu hizo akiwa amesimama. Mwalimu mwenye busara hatakataa.

Piga mkeka mapema. Usingoje maumivu makali ndipo uombe kuachiwa. Kuvumilia hapa si ushujaa.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo aonane na daktari kwanza, na amweleze mwalimu hali yake. Asibane pumzi anapotumia nguvu. Mwenye kisukari akague nyayo zake kabla na baada ya mazoezi, kwa kuwa mazoezi hufanywa miguu mitupu na kidonda kidogo kinaweza kumsumbua sana.

Mwezi wa Ramadhani usiache kabisa, bali punguza. Mazoezi mepesi ya dakika 20 au 30 karibu na futari, au baada ya tarawehe, yanatosha. Usifanye mazoezi ya kuangushwa ukiwa na kiu na kichwa chepesi.

Ikiwa hakuna ukumbi wa aikido karibu nawe, yapo mambo ya kuanzia nyumbani. Lipo zoezi la aikido la kupiga makasia, ambalo mtu wa pwani atalielewa mara moja. Tanguliza mguu wa kushoto, sukuma kiuno mbele mikono ikifuata, kisha vuta ngumi hadi kiunoni huku uzito ukirudi mguu wa nyuma. Fanya mara 20, halafu badilisha mguu. Lipo pia la kugeuka. Simama mguu mmoja ukiwa mbele, geuka juu ya mguu huo huo huku ukiuzungusha wa nyuma, hadi uangalie ulikotoka. Zoezi hili hufundisha mizani na halihitaji chombo chochote. Aidha, judo, inayochezwa Zanzibar kwa miaka mingi, nayo huanza kwa somo la kuanguka.

USAFI WA UKUMBI NA WA MWILI

Mkeka wa mazoezi hukanyagwa na miguu mingi na kupokea majasho ya watu wengi. Hapo ndipo choa, mapunye, fangasi za miguuni na majipu yanapohama kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Muislamu ana silaha zake tayari. Kukata kucha ni katika sunna za maumbile, na ukucha mrefu ulingoni humchana mwenzako. Kutia udhu kabla ya mazoezi huosha mikono, uso na miguu. Baada ya kuosha, kausha vizuri katikati ya vidole vya miguu, maana fangasi hupenda unyevu.

Vaa kandambili hadi ukingoni mwa mkeka, usipite chooni miguu mitupu kisha ukapanda. Nguo za mazoezi zifuliwe kila baada ya kipindi na kuanikwa juani, zisikunjwe na jasho kwenye mfuko hadi wiki ijayo. Vua pete, saa na cheni. Kidonda kifunikwe. Damu ikidondoka, mazoezi yasimame, mahali hapo pafutwe kwa dawa yenye klorini. Mwenye ugonjwa wa ngozi unaoambukiza abaki nyumbani hadi apone. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kumwambukiza mwenzako maradhi kwa uzembe ni kumdhuru.

MUISLAMU AANGALIE NINI?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, wala tusilipite juu juu. Katika kumbi nyingi za aikido, mazoezi huanza na kumalizika kwa kuinama, mara nyingine hadi paji la uso kukaribia chini, kuielekea picha ya Ueshiba iliyotundikwa ukutani, kisha kuinamiana na mwalimu. Wajapani wengi watakwambia hiyo ni adabu tu, kama sisi tunavyopeana mikono. Lakini rukuu na sijda ni ibada, na ibada ni ya Allah peke yake. Imepokewa na Tirmidhiy kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake anapokutana naye, akasema hapana, na akaruhusu kupeana mkono.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada, mwendee mwalimu umweleze kwa upole kuwa dini yako hairuhusu kuinamia picha wala mtu, na umwombe usimame kwa adabu au uweke mkono kifuani wakati wenzako wakiinama. Wapo walimu wanaolikubali hilo bila shida. Akikataa katakata, mshukuru, uondoke. Hakuna mbinu ya mkono yenye thamani ya tawhid yako. Ukiwa na shaka, muulize shekhe wako.

Pia fahamu kuwa Ueshiba alikuwa mfuasi wa dini ya Kijapani iitwayo Omoto, na maneno yake mengi yamechanganyika na imani hizo. Wewe chukua mazoezi ya mwili, itikadi waachie wenyewe. Mwalimu akianza kufundisha ibada au dua zisizo za Kiislamu, hapo si pahala pako.

Jambo jingine ni kushikana. Aikido haifanyiki bila kugusana, hivyo wanaume wawe na wanaume na wanawake na wanawake, kwa vipindi au kumbi tofauti. Wanawake wasinyimwe haki hii, kwani nao wana miili inayozeeka na usalama wa kulinda. Tangu miaka ya 1930 walikuwepo wanawake waliofundishwa na Ueshiba mwenyewe. Vazi lake ni suruali pana na koti lenye mikono, hivyo kusitiri mwili si tatizo. Mtandio uwe wa kushonwa, usifungwe kwa pini, maana pini humchoma mvaaji na mwenzake.

KWA KUMALIZIA

Usiingie aikido ukitarajia kuwa baada ya miezi mitatu utawashinda vibaka watatu gizani. Ni mchezo unaojengeka polepole, na anayetaka ushindi wa haraka atauchoka. Ingia ukitaka miguu itakayokubeba, mgongo utakaoinama na kuinuka, na moyo usiowaka kwa kila uchokozi. Wapokezi wa hadithi, Bukhari na Muslim, wametunukulia kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba mwenye nguvu hasa si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayejimiliki anapokasirika. Mwenye kuzoea kila wiki kusukumwa bila kusukuma, na kushika mkono wa mwenzake bila kuuvunja, anapata mazoezi ya hadithi hiyo kwa viungo vyake.

Basi anza leo, ndugu msomaji, hata kwa dakika kumi za kugeuka na kupiga makasia sebuleni kwako baada ya swala ya Alfajiri. Na ukiwa na mzazi mzee nyumbani, kausha sakafu ya choo chake, mwekee taa na kishikio cha ukutani, kwa kuwa si kila mtu atawahi kujifunza kuanguka.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, na atuwezeshe kusimama, kurukuu na kusujudu kwa viungo vyetu hadi mwisho wa umri wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.